Nukta Iliyobaki Ngumbo

Vijana wangu wa chumba cha redio, marahaba kabla hamjanisalimu. Mmenitumia ujumbe mzuri kwenye simu, mkaniomba niandike historia ya mitambo ya kufuatilia mashua, muibandike ukutani pale ofisini Mbinga, pembeni ya picha yangu. Picha itoeni. Historia nitaandika, ila sijui kama mkishaisoma mtataka kuibandika.

Nitasema mapema ninachokuja kusema, maana najijua, nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka mtalala. Nahodha Osmund, ambaye ninyi mnamjua kwa jina tu kwa sababu mashua yenu mpya imepewa jina lake, alikufa ziwani, na katika kifo chake mimi nina mkono. Niliandika mistari sita kwenye kompyuta, kisha nikaenda kunywa chai. Mjane wake, Skola, alikaa miaka yote hii bila kulijua hilo, na mimi miaka yote hii nikipokea salamu zake kama mtu mwema. Mwezi uliopita niliteremka Mbamba Bay kumwambia. Alichonijibu ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Kwa wale mlioingia juzi, kazi yenyewe ni hii. Ndani ya mashua kuna kisanduku chenye redio na kidude kinachopokea satelaiti ili kijue kiko wapi. Kila baada ya dakika kumi redio inatoa mlio mfupi, kroo, kama chura aliyekanyagwa. Ndani ya mlio huo mna jina la kituo na namba za mahali kilipo. Mnara wetu wa juu kule Tingi unausikia mlio, unaurudia kwa nguvu zake. Kompyuta ya Mbinga inausikia mnara na kuitupa habari kwenye mtandao, na hapo mtu yeyote anayefungua ramani ya huko anaona nukta inatembea juu ya maji. Mashua ilitumia jina la wito la Osmund mwenyewe, zile herufi za kwenye leseni yake ya redio, halafu dashi nane, kwa kuwa sisi watu wa redio za ridhaa dunia nzima tumezoea nane iwe ya vyombo vya majini. Gari letu la nchi kavu, lililokaa kijijini Mapera, lilikuwa dashi tisa.

Leseni ile Osmund aliipata kwa jasho. Redio ya ridhaa hairuhusu biashara, na sisi hatukuwa wafanyabiashara, tulikuwa tunahudumia mashua ya wagonjwa: inabeba wauguzi kwenda zahanati za ufukweni, inarudi na wagonjwa. Lakini leseni lazima uwe nayo, na leseni ina mtihani. Osmund alisoma kwa miezi, na daftari lake lilinuka dagaa kiasi kwamba nililisahihisha nje, barazani. Mimi ni Mmatengo wa milimani, nimezaliwa kati ya kahawa na mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha miteremkoni, na maji ninayoyaamini ni ya kwenye ndoo. Yeye alikuwa Mnyasa aliyejua kuogelea kabla ya kutembea. Nilipopanda mashua yake kufunga antena nilishikilia ubao kwa mikono miwili, na yeye akawa ananiuliza kwa upole, "Fundi, sasa bisibisi utaishika na nini, na meno?" Nilimpenda sana mtu yule.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gaudence wa Mapera, na siku zake hapakuwa na nukta wala ramani. Palikuwa na sauti. Kila saa kamili alikuwa anaketi mbele ya redio, anavuta maikrofoni, anaita vituo kimojakimoja: Liuli, Ngumbo, Lituhi, na chombo chochote kilichoko majini. Nahodha alijibu kwa kutaja anachokiona. "Naona kanisa la Liuli mkono wangu wa kulia." "Naona moshi wa Ngumbo." Gaudence akaandika. Asipojibiwa, alichukua kalamu nyekundu na kuandika neno moja tu: sikusikia. Zikija nyekundu mbili mfululizo kwa chombo kimoja, alisimama, hata kama ugali wake ulikuwa mezani, akaanza kutafuta mtu wa kwenda kuangalia.

Siku moja, nikiwa bado mwanafunzi wake, Liuli hawakujibu. Ilikuwa Jumapili, na nilijua wako misani. Nikaandika "Liuli, salama". Mzee alipolisoma daftari alivua miwani, akaniuliza, "Umewasikia?"

"Sikuwasikia, mzee, ila najua wako kanisani."

"Mimi sikukuuliza unajua nini."

Akanifanya ninakili ukurasa mzima upya, kwa mkono, mbele ya wageni waliokuja kufuata dawa. Nilimchukia wiki nzima. Neno "sikusikia" niliona ni la aibu, kama vile fundi anakiri ameshindwa. Yeye alilipenda kuliko maneno yote ya daftarini.

Mitambo ya nukta ilipokuja, mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote. Msidhani nilianza vizuri. Siku ya kwanza nilipoingiza mahali pa ofisi yetu niliweka herufi ya kaskazini badala ya kusini. Ofisi nzima, pamoja na bati lake la kutu, ikahamia huko mpakani mwa Ethiopia na Sudan. Mwenzetu mmoja wa redio, mtu wa ng'ambo nisiyemjua, akaniandikia kwa adabu kuniuliza hali ya hewa ya huko. Nikamjibu kwamba mvua inanyesha, maana Mbinga ilikuwa inanyesha kweli. Ilinichukua siku mbili kugundua kwa nini alinishukuru kwa habari adimu kama ile.

Kisa cha gari la Mapera ndicho kilichokuwa maarufu. Dereva aliweka magunia ya mahindi juu ya kile kidude cha satelaiti, kikawa hakioni mbingu. Kidude cha bei rahisi kikikosa mbingu kinabahatisha. Basi nukta ya gari ikaruka kutoka Mapera, ikavuka milima yote, ikatua katikati ya Ziwa Nyasa. Simu zikalia. Watu wakaniuliza kama dereva amezama na gari. Nilipompigia alikuwa parokiani anakula ugali na maharage, akanikaripia kwa kumkatisha. Alipoyashusha magunia, nukta ikarudi yenyewe. Tulicheka mwezi mzima. Tangu siku ile, mtu akipiga simu kusema nukta imekwenda mahali pa ajabu, tulikuwa na jibu letu tayari: imeruka tu, itarudi. Nilifundisha jibu hilo kwa wote walionifuata, na pengine hata ninyi mmelirithi.

Kwa furaha yangu ya nukta, nilichomoa maikrofoni ya mashuani. Niliona inakaribisha maji kwenye kisanduku, na kazi yake imeisha, kwani mahali tunapaona bila kuuliza. Nikaiweka kwenye droo Mbinga. Mzee Gaudence alikuwa ameshastaafu, alikuja kututembelea akaikuta.

"Sasa mtu akiwa na neno atalisemaje?" akauliza.

"Nukta inasema yote, mzee."

Akaishika maikrofoni, akaifungia waya wake vizuri, akairudisha kwenye droo. Hakunibishia. Wazee wakishaona umelewa kitu kipya hawabishani nawe.

Tatizo la Ngumbo sasa. Pale milima inashuka mpaka majini, na chombo kikiwa chini ya ukuta ule mnara wa Tingi haukioni. Sisi tunaita kivuli. Simu za mkononi nazo enzi zile zilikuwa zinakufa hapohapo. Na Ngumbo ndipo Osmund alipopenda kujificha mwera ukivuma, ule upepo wa kusini unaolifanya ziwa lichemke. Alitia nanga chini ya ukuta akasubiri utulie, saa mbili, saa tatu, kisha akarudi nyumbani. Kwa hiyo kila alipokuwa salama kabisa, ndipo sisi tulipokuwa hatumsikii. Na ramani ile ilipangwa kwamba kituo kisiposikika nusu saa, nukta inaondoka.

Mbamba Bay, nukta ilikuwa inatazamwa dukani kwa Bi. Zuhura, mama mwenye asili ya pwani aliyekuwa akiuza vifaa vya ujenzi na nyavu. Alikuwa na umeme wa jua, mtandao na televisheni kubwa, na kwa moyo wake mwema alitandika mkeka chumba cha mbele ili wake wa mabaharia wakae waangalie. Viatu viliachwa mlangoni, kwa Bi. Zuhura hilo halikuwa na mjadala. Skola alikuwa hakosi. Nukta ikiondoka pale Ngumbo, kilio. Siku moja Skola alianguka, akapepewa, na Bi. Zuhura akanipigia simu kwa hasira.

"Fundi, huu mtambo wako utatuulia watu kwa presha! Mtu yupo, mara hayupo, ndiyo nini?"

"Ni kivuli, Bi. Zuhura. Yuko salama, mtambo tu haumsikii."

"Basi uambie useme hivyo! Mimi siwezi kila siku kumwagia maji mke wa mtu."

Nilimhurumia Skola kwa dhati. Naomba mliamini hilo, ingawa halinisaidii. Dawa ya kweli ilikuwa mnara wa pili, pale Ngumbo, nami nilikuwa nimeshauomba na nikaambiwa nisubiri. Sikusubiri. Jumatatu moja mchana niliiandikia kompyuta ya Mbinga mistari sita. Iliiagiza hivi: dashi nane isiposikika nusu saa na haijafika nyumbani, wewe utume, kwa jina lake, kwamba yupo Ngumbo, na urudie kila dakika kumi mpaka asikike tena. Wiki ile mwera ulivuma, Osmund akajificha, na nukta ikakaa Ngumbo imetulia, na pembeni yake pameandikwa kwamba imesikika dakika tatu zilizopita. Dukani hakuna aliyelia. Bi. Zuhura alinitumia salamu na kilo mbili za samaki, mbasa waliokaushwa. Nikajipongeza kwa soda.

Miezi ikapita, mistari ile ikafanya kazi yake vizuri hata nikaisahau, kama mtu anavyosahau miwani aliyoivaa. Osmund mwenyewe sikumwambia. Niliona ni jambo la ofisini.

Siku yenyewe alikuwa ametoka Lituhi. Ndani walikuwa wanne: yeye, muuguzi, baba mmoja aliyevunjika mguu, na mdogo wake aliyekuwa akimsindikiza. Maboya ya kuvaa yalikuwa matatu. Mwera ulianza adhuhuri, na nukta ilionekana ikikaribia Ngumbo, kisha ikapotea, nikadhani kivuli kimeimeza, kisha, kama ilivyoagizwa, ikatokea tena Ngumbo. Mimi nilikuwa mezani pangu naunga waya wa antena. Saa kumi jioni simu ikalia. Alikuwa Skola.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Skola. Habari za huko?"

"Nzuri kidogo. Shemeji, nukta imetoka Ngumbo. Iko katikati ya ziwa, mbali, upande wa Malawi kabisa."

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka, kwa sababu nililiona gari la Mapera na magunia yake.

"Imeruka tu hiyo. Kidude kimekosa mbingu pale chini ya ukuta. Itarudi."

"Kweli shemeji? Mwera huku ni mkali."

"Ndiyo maana amejificha. Subiri kidogo, utaona mwenyewe. Mwekee maji ya moto."

Akashukuru, akakata simu. Nikaendelea na waya wangu. Baada ya nusu saa nilitupa jicho kwenye kompyuta, nukta ilikuwa Ngumbo. Nikavuta daftari, lile lile la Mzee Gaudence tulilokuwa bado tunaliandika kwa mazoea tu, nikaandika saa na maneno mawili: "Ngumbo, salama". Nikafunga ofisi.

Yaliyotokea alinieleza muuguzi, wiki mbili baadaye, akiwa kitandani. Injini ilizimika kabla hawajaingia chini ya ukuta. Upepo ukawasukuma nje, ziwani, na nanga haikufika chini. Maji yakawa yanaingia, betri ikalowa, kisanduku kikazima. Osmund aliinua betri akaishika kifuani, akaifuta kwa shati lake, akaunga nyaya kwa mkono mpaka taa nyekundu ya kutoa mlio ikawaka mara moja. Aliiona. Akawageukia wenzake akasema, "Imetoka. Msiogope sasa, Fundi ameshatuona." Kisha wimbi likaichukua betri.

Muuguzi alisema baada ya hapo Osmund hakuwa na wasiwasi tena. Alikuwa anachota maji na kopo na kuwapigia hadithi. Kila mara alikuwa akiangalia upande wa Liuli na kuwaambia sasa hivi mtaona injini. Mashua ilivumilia mpaka jua linazama, ndipo ikapinduka. Maboya walivaa wale watatu. Asubuhi wavuvi wa Liuli waliwaokota wakiwa hai, na Osmund walimpata siku ya tatu.

Kuanzia saa kumi mpaka jua kuzama ni saa mbili na zaidi. Wavuvi wenye injini walikuwepo Liuli, walikuwepo Mbamba Bay. Nimelifanyia hesabu jambo hili mara nyingi kuliko rozari yangu.

Tulimzika Mbamba Bay, juu kidogo ya ufukwe. Bi. Zuhura aliifunika televisheni kwa kanga tangu habari zilipofika, na hakuifunua tena. Nashukuru, maana niliporudi Mbinga kutoka mazishini, bado na vumbi la kaburi kwenye viatu, niliikuta kompyuta inaendelea na kazi niliyoipa. Ilikuwa inasema Osmund yupo Ngumbo, amesikika dakika nne zilizopita. Niliifuta ile mistari sita nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa chini sakafuni nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga mlango.

Walipokuja wakubwa wetu wa kazi kuuliza, nilisema mtambo ulipoteza mawasiliano. Lilikuwa neno la kweli lililokatwa kiuno. Wakanipa pole. Wakaharakisha mnara wa Ngumbo, huu mnaoupaka rangi kila mwaka. Wakanisifu kwa kuusimamisha haraka. Mtu mmoja tu hakunipa pole. Mzee Gaudence alikuwa mgonjwa, amelala kwake Mapera, na nilipokwenda kumwona aliniuliza swali moja kwa sauti ndogo.

"Kwenye daftari, saa ile, uliandika nini?"

Nikamuuliza kama amekunywa dawa. Akageukia ukutani. Alifariki kabla ya mavuno ya kahawa, na swali lake akaniachia.

Niwape la kazini kidogo kabla sijamaliza, maana mnaniita Fundi na sitaki mseme nimewaandikia machozi matupu. Betri ifungeni juu, usawa wa kifua, kamwe isikae sakafuni. Viungo vya antena vifungeni utepe, kisha juu ya utepe mpake nta. Na mkiitazama nukta msiitazame rangi yake wala dakika zake. Ibonyezeni, msome mstari mbichi uliokuja nayo, yaani maandishi ya mlio wenyewe. Mlio uliopita Tingi unabeba jina la Tingi ndani yake. Ule niliokuwa natunga mimi haukuwa nalo, ulikuwa na jina la Mbinga peke yake. Ukweli ulikuwepo pale wazi siku ile, yeyote angebonyeza angeuona, ila wa kuusoma nilikuwa mimi tu na mimi nilikuwa naunga waya. Na mlio uliotoka katikati ya ziwa, nilipoutafuta baadaye kwenye kumbukumbu za kompyuta, ulikuwa safi, umepita Tingi, hauna kasoro hata herufi moja. Betri ile Osmund aliishika vizuri.

Maikrofoni nimeona mmeirudisha mashuani. Nani aliwaambia sijui, lakini Mungu ambariki.

Basi mwezi uliopita nilichukua daftari lile, nikalifunga kwenye gazeti, nikapanda basi la kuteremka ziwani. Miguu yangu siku hizi haipendi mteremko. Nilimkuta Skola uani kwake anachambua dagaa juu ya ungo. Amezeeka vizuri. Wanawe wote wanajitegemea, mmoja ni nahodha. Alininyanyukia, akaniletea kigoda na chai, akaniuliza hali ya mke wangu, ya kahawa, ya magoti. Nilitamani aulize tu mpaka jua lizame nipate sababu ya kurudi.

Nikamwambia yote. Mistari sita, Jumatatu, mchana, kilo mbili za mbasa. Nikafungua daftari nikaweka kidole kwenye ule mstari wa maneno mawili, na hati ni yangu. Hakuacha kuchambua dagaa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza matangazo ya parokia, mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ile ya katikati ya ziwa," akasema, "ndiye alikuwa yeye?"

"Ndiye, Skola."

"Na ile ya Ngumbo?"

"Ilikuwa mimi."

Hapo mikono yake ikasimama. Akatazama mlangoni kwake, hakunitazama mimi.

"Shemeji, unajua nilipokupigia nilikuwa nimesimama wapi?"

"Dukani, kwa Bi. Zuhura."

"Mlangoni. Nilikuwa nimeshatoka mkekani. Nilishavaa viatu. Pale ufukweni wavuvi walikuwa wamekaa na injini mbili, wanacheza bao, kwa sababu ya upepo hawakutoka. Mmoja ni kaka yangu kabisa, mtoto wa mama mkubwa, asingenikatalia. Na wana wenzao Liuli, ni simu moja tu. Nilishashika mlango. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nimuulize Fundi, nisije nikasumbua watu bure."

Nikalifunga daftari.

"Ukaniambia itarudi. Nikavua viatu, nikarudi mkekani. Ikarudi kweli." Akaanza tena kuchambua dagaa, polepole. "Miaka yote hii nilikuwa najilaumu kwa vile viatu, shemeji. Nilidhani ni mimi nilimwona na nikaketi."

Vijana wangu, nimebeba kosa langu miaka mingi nikidhani nalibeba peke yangu. Sikujua kwamba nusu yake nilikuwa nimemtwisha mjane, na hakuwa ametenda lolote ila kuniamini. Hilo ndilo lililonivunja. Nililia pale uani, mzee mzima, na kuku wananitazama.

Hakuniambia amenisamehe. Hakuniambia hajanisamehe. Niliponyanyuka alinifungia dagaa kwenye mfuko, kama anavyomfungia kila mgeni wa kutoka milimani, na akanisindikiza hadi barabarani. Mfuko ule sijui ulikuwa msamaha au desturi tu, na sikuthubutu kumwuliza. Kabla basi halijafika alisema jambo moja: "Waambie hao vijana wako." Ndilo ninalolifanya.

Daftari nawaletea Jumatatu. Litundikeni pale ilipokuwa picha yangu, mkilifunua ukurasa ule ule. Chini ya maneno yangu mawili nimeandika neno la Mzee Gaudence, kwa kalamu nyekundu, na saa ile ile, saa kumi na nusu. Sasa linasomeka kama lilivyopaswa kusomeka.

Na siku moja simu italia, atakuwa mke wa mtu, atawaambia nukta imekwenda mahali pa ajabu. Mtakuwa na kazi nyingine mkononi. Mtajua sababu kumi za kitaalamu. Zote zinyamazieni. Mwambieni mama huyo asivue viatu.